Diski imejaa, na mimi nilikuwa najua inajisafisha yenyewe

Mwakeye wadau. Nimepotea kidogo humu, najua, ila leo nina stori ya seva, wale wenzangu wanaolala na simu chini ya mto wataielewa haraka, wengine mnivumilie, huko mbele kuna dagaa kwa hiyo msikimbie.

Hapa Kigoma nahudumia ofisi moja ya mambo ya akiba na mikopo, jina sitaji. Ofisi si kubwa. Seva moja ya Linux, yaani kompyuta inayotunza data za ofisi nzima, kwenye chumba kilichokuwa stoo ya karatasi, feni moja, UPS moja iliyochoka (ile betri ya kushika umeme ukikatika), na diski ya nje ya terabaiti 2 ambayo niliwashawishi wainunue maana kabla ya hapo bakapu yao, yaani nakala ya akiba ya data, ilikuwa flashi ya mama mhasibu, inakaa kwenye mkoba wake pamoja na funguo za nyumbani na dawa za presha. Nilipoiona ile flashi nikasema hapana, hapa lazima tufanye kitu cha kueleweka, nikafunga Bacula, nikajiona shujaa wa mkoa mzima.

Kwa msioijua, Bacula ni programu ya bure ya bakapu, aliianzisha Kern Sibbald mwaka 2000 na ikatoka hadharani 2002, jina lake ni utani wa kuchanganya bakapu na Dracula, na kaulimbiu yake inasema inakuja usiku kunyonya uhai wa kompyuta zako. Na kweli inakuja usiku. Ratiba inayokuja nayo ni saa tano na dakika tano usiku, sikuibadilisha, nilichobadilisha ni kwamba bakapu nzima ifanyike kila Jumapili na siku nyingine zote ibebe mabadiliko tu. Nzima ilikuwa kama gigabaiti 90, zile ndogo za kila siku kama 4. Kwenye mipangilio nikaona kuna maneno mawili matamu, AutoPrune (kujifutia kumbukumbu za zamani) na Recycle (kutumia upya nafasi yake), yote nimeyawekea yes, nikafunga laptop nikaenda zangu kula migebuka. Kichwani kwangu hayo maneno mawili yalikuwa na maana moja tu, kwamba mambo ya diski kujaa siyo kazi yangu tena, mashine itakuwa inatupa ya zamani na kuweka mapya, milele.

Miezi minne hivi baadaye, Jumatatu, mama mhasibu ananipigia. Yeye hapigi simu ovyo. "Mwanangu, shikamoo yako nitaipokea baadaye, lile faili la marejesho nimesevu la mwezi huu juu ya la mwezi uliopita. Nirudishie la Ijumaa." Nikamwambia marahaba mama, (ndiyo, nilichanganya, kwa kujiamini kote kule), dakika tano tu. Nikaingia kwenye konsoli, pale pa kuiandikia Bacula amri, nikaomba faili la Ijumaa.

Ijumaa haikuwepo. Alhamisi haikuwepo. Bakapu ya mwisho iliyokamilika ilikuwa ya siku kumi na mbili nyuma na baada ya hapo kazi zote ziko kwenye foleni, zinasubiri, na ujumbe ni ule ule unaojirudia: sina volyumu (yaani chombo) ya kuandikia, tafadhali opereta nitengenezee au niwekee nyingine. Opereta ni nani sasa? Ni mimi. Siku kumi na mbili mashine inaniita kwa jina la kazi na mimi nipo mjini nakunywa chai.

Na usidhani ilikaa kimya. Ilituma barua pepe kila usiku. Ila zilikuwa zinaenda kwenye kisanduku cha root, yaani cha msimamizi wa seva, kilichopo ndani ya seva ile ile, kisanduku ambacho tangu niifunge ile seva sijawahi kukifungua hata siku moja. Nimekifungua siku hiyo nikakuta zimejipanga kama watu wa foleni ya kivuko. Baadaye nilijifariji kidogo kwa kukumbuka yaliyowakuta GitLab, kampuni inayotunzia watu kodi za programu mtandaoni, tarehe 31 Januari 2017, injinia wao alifuta data za databesi kwenye seva ambayo siyo, kama gigabaiti 300, wakakimbilia bakapu wakakuta hamna, programu ya kutoa bakapu ilikuwa toleo la 9.2 na databesi yenyewe ni 9.6 kwa hiyo kila siku ilikuwa inashindwa, na barua pepe za kutoa taarifa ya kushindwa zilikuwa zinakataliwa njiani. Wakapoteza data za masaa kama sita, na walieleza wazi kila kitu, kitu ambacho nawaheshimu nacho hadi leo. Faraja yenyewe lakini ilikuwa ndogo maana mama mhasibu hakuwa na habari na GitLab, yeye alitoa makaratasi kwenye kabati akaanza kuingiza moja moja, siku mbili nzima, na kila nikipita mlangoni ananiangalia juu ya miwani.

Haya, tuje kwenye shida yenyewe, maana nilikaa nayo usiku mzima na hapa ndipo pana utamu.

Bacula haijui diski. Yaani inajua, lakini inaifikiria kama kanda. Mambo haya ya bakapu yalikulia kwenye kanda za sumaku, IBM walianza kuuza mashine yao ya kanda ya 726 mwaka 1952, na mpaka leo maofisi makubwa yanatumia kanda za LTO, ya kwanza mwaka 2000 ilibeba gigabaiti 100 na LTO-9 inabeba terabaiti 18 kwenye kikasha kinachoenea mkononi. Kwenye mitambo yao kuna kabati lenye mkono wa roboti, kila kanda ina baakodi yake, mkono unasoma, unachomoa kanda unaipeleka kwenye mashine, ikijaa unairudisha kwenye kijumba chake unachukua nyingine, na hata kanda ya kusafishia kichwa cha mashine ina lebo yake inayoanza na CLN ili programu isije kuandika data humo. Niliwahi kuuona mmoja Dar kupitia kioo, nikasimama pale kama mtoto mbele ya duka la pipi mpaka mlinzi akaniuliza nina shida gani.

Sasa sisi wa diski hatuna roboti, kwa hiyo programu inajifanyia roboti ya kufikirika. Kila faili kubwa inaloliandika kwenye diski inaliita volyumu, inalipa lebo kama vile ni kanda, inaliandika kwenye daftari lake ambalo ni databesi, wao wanaliita katalogi. Na kila volyumu ina hali yake. Append maana yake bado naandika humu. Full, imejaa. Used, haijajaa ila nimeshafunga, siandiki tena. Purged, kumbukumbu zake zimeshafutwa kwenye daftari. Recycle, iko tayari kutumika upya.

Kila usiku ikitaka kuandika, swali lake la kwanza ni moja: kuna volyumu yoyote yenye Append? Ikiipata, basi, inaandika humo humo na maswali yameisha. Ikiikosa ndiyo inaanza kuangalia kama kuna iliyokwisha muda wake wa kutunzwa, ikikosa inaangalia kama ina ruhusa ya kutengeneza mpya, ikikosa na hiyo inakaa chini inamuita opereta. Umeona tatizo? Mimi sikuweka kikomo chochote. Sikusema volyumu iwe na ukubwa gani, wala ikae siku ngapi, wala ibebe kazi ngapi. Kwa hiyo ilikuwa na ile moja tu niliyoitengeneza siku ya kwanza, ikaipa Append, na kuanzia siku hiyo kila usiku inaiuliza una nafasi? ninayo, inamimina. Kila usiku. Wiki moja inakula gigabaiti 114, piga kwa wiki kumi na sita unapata terabaiti 1.8, na diski ya terabaiti 2 ukiichomeka kwenye mashine inakusomea 1.8 hiyo hiyo. Faili moja. Terabaiti moja nukta nane ndani ya faili moja. Ile AutoPrune yangu na Recycle yangu hazikuwahi kupata zamu ya kufanya kazi hata usiku mmoja, kwa sababu mashine haikuwahi kukosa pa kuandika mpaka siku ilipokosa kabisa.

Halafu kuna la pili. Muda wa kutunza hauanzi kuhesabiwa siku volyumu ilipozaliwa, unaanza siku ilipoandikwa mara ya mwisho. Na volyumu inayoandikwa kila usiku saa yake inaanza upya kila usiku, haizeeki. Ni kama mtu anayesema ataanza diet kesho.

La tatu ndilo lililonimaliza nguvu. Nikasema sawa, sasa hivi imeshajaa, imepigwa Full, na mimi niliandika muda wa kutunza siku 30, kwa hiyo nikivumilia siku 18 zingine itajiachia yenyewe. Nikaomba orodha ya volyumu nihakikishe. Kwenye safu ya muda wa kutunza ikanionyesha 31,536,000. Inaandika kwa sekunde, hawa watu sijui waliwaza nini. Nikachukua kikokoteo cha simu, nikagawanya kwa 60, kwa 60, kwa 24.

365.

Mwaka mzima! Siku 30 ingetakiwa isome 2,592,000. Nikafungua faili la mipangilio, nimeandika 30 days, macho yangu yanaona, herufi ziko sawa. Nilizunguka na hilo jambo karibu saa nzima mpaka nikaelewa kwamba yale niliyoyaandika kwenye mipangilio ni kielelezo tu cha volyumu zitakazozaliwa. Volyumu ikishazaliwa inabeba nakala ya masharti ya siku ile kwenye daftari na kuanzia hapo haitazami tena faili lako la mipangilio. Mimi nilitengeneza ile volyumu siku ya majaribio, kabla sijaandika siku 30, ikapewa ule wa kawaida unaokuja na programu, ambao ni siku 365, na haikuniambia kitu. Ukibadilisha mipangilio lazima uingie kwenye konsoli utumie amri ya update uzipelekee habari volyumu zile za zamani, moja moja au kundi zima. Hili nawaombeni mlishike jamani maana wengi wanaedit faili, wanarestati huduma, wanaenda nyumbani wanaamini.

Na hata kama ingekuwa siku 30 kweli, bado. Volyumu inarudishwa kazini nzima nzima, huwezi kumega. Siku inapoanza kuandikwa upya, miezi minne yote inaondoka kwa mpigo na ukabaki na bakapu ya usiku mmoja. Kuweka kila kitu kwenye chungu kimoja maana yake ukitaka kuosha chungu unamwaga vyote.

Jumapili nikaenda Katonga kwa mama mdogo, kichwa kimevurugika, na yeye anaanika dagaa. Mama mdogo ana vichanja kumi na viwili vya nyavu pale ufukweni, ni mtaji wake wote. Ilikuwa giza la mwezi kwa hiyo mitumbwi inaingia kila asubuhi na mzigo, na binamu yangu mdogo, ana miaka kumi na minne na haraka ya kwenda kucheza mpira, amebeba ndoo anataka kumwaga dagaa wabichi juu ya kichanja kilichokuwa karibu naye.

"We! Hao wa jana hao," mama mdogo akamwambia bila hata kuinuka. "Ukiwamwagia wabichi juu utaniozesha wote. Nenda kile cha mwisho kule."

Kile cha mwisho ni cha siku tatu. Akaenda mwenyewe, akapitisha kiganja, dagaa wakalia kama majani makavu, ndiyo akaanua, akakung'uta wavu, akasema haya mwaga. Nikamuuliza mama, sasa hivi vingine viwili hapa naona navyo vimekauka, mbona huanui? Akaniambia mzigo ukija nitaanua, usipokuja vinakaa, jua halina bei.

Nilicheka peke yangu pale mpaka akaniuliza kama nimeanza kuvuta vitu. Kwa sababu ndicho Bacula inachofanya, kile kile. Kichanja kilichopita muda wake haikianui mpaka kuwe na mzigo mpya na hakuna kichanja kitupu. Na kichanja ambacho hakijakauka haikigusi hata kama mitumbwi yote imejaa na watu wanapiga kelele. Mashine yangu haikukosea. Ilifika asubuhi na ndoo, ikakuta kichanja kimoja tu ufukwe mzima, kimejaa na hakijakauka, ikakataa kumwaga. Tofauti yake na mama mdogo ni kwamba mvua ikinyesha yeye anaanua vyote anaingiza ndani, na kwenye seva hakuna anayeona wingu.

Hapa kuna watu tutabishana. Kuna mpangilio ndani ya hiyo programu unaoitwa Purge Oldest Volume, ukiwasha, ikikosa nafasi inachukua ya zamani kuliko zote inaifuta kumbukumbu na kuiandika juu, hata kama muda wake wa kutunza haujaisha. Jamaa yangu mmoja wa Tabora aliniambia washa hiyo ulale. Mimi sitaki. Ningekuwa nimewasha hiyo na volyumu yangu moja, ile ya zamani kuliko zote ndiyo hiyo hiyo pekee, ingefuta bakapu zote za miezi minne ili ipate pa kuandika ya usiku mmoja, na nisingejua, na barua pepe ingekuja kwenye kisanduku cha root ikisema kazi imekamilika salama. Bora inigomee. Hasara ya kugomewa siku kumi na mbili naijua, ni mama mhasibu na miwani yake. Ile hasara nyingine siitaki kuijua.

Basi nikaanza upya. Lile faili la terabaiti 1.8 sikulifuta, nikaichomoa diski nzima nikaifunga kwenye mfuko, nikaibandika karatasi yenye tarehe, ikaenda kwenye kabati la chuma. Ikaja diski mpya, ukubwa ule ule. Safari hii nikatengeneza makundi mawili, moja la zile bakapu nzima za Jumapili, lingine la zile ndogo za kila siku. Kwa makundi yote mawili nikaweka muda wa kutumia volyumu masaa 23. Kwa nini 23 na siyo 24? Kwa sababu ukiweka 24 na jana kazi ilianza kuandika saa tano na dakika sita, leo saa tano na dakika tano volyumu ya jana bado ina dakika moja ya uhai, itaandikwa tena humo humo na mpango wote unaharibika. Saa moja ya kupumua inaondoa hilo. Kwa hiyo kila usiku una volyumu yake, kazi inayofuata ikija inaikuta muda wake wa kutumika umeisha, inaifunga inakuwa Used, na saa yake ya kuzeeka inatembea bila kuanzishwa upya.

Zile nzima nikazipa siku 60 za kutunzwa, ndogo siku 30. Nzima lazima ziishi kuliko ndogo, hili usicheze nalo, ile ndogo ya Jumatano imebeba mabadiliko tu na inaegemea nzima ya Jumapili, ukifuta ya Jumapili ukabaki na ya Jumatano umebaki na mboga bila ugali. Halafu idadi. Bila kuweka idadi ya juu mashine ikipewa ruhusa inaweza kuendelea kuzaa volyumu mpya mpaka diski ijae tena kwa njia nyingine, na ukiweka idadi ndogo mno nayo inakugomea. Nzima moja kila siku saba, siku 60, ukipiga hesabu Jumapili ya kumi ndipo ile ya kwanza inakuwa na siku 63, imepita. Kwa hiyo tisa zinatosha. Nane hazitoshi, maana Jumapili ya tisa ile ya kwanza ina siku 56 tu, bado mbichi, na ruhusa ya kuzaa imeisha, tunarudi kwenye foleni ya opereta. Nikaweka kumi, ile ya ziada kwa ajili ya usiku ambao umeme umekatika katikati ikabidi kurudia. Zile ndogo nikaweka thelathini. Gigabaiti 900 kule, 120 huku, terabaiti moja na kidogo kwenye diski ya 1.8, hata ofisi ikiongeza wanachama kuna pa kupumulia.

Barua pepe sasa zinakuja kwenye simu yangu, na nakala kwa meneja, ambaye hazisomi ila nimemwambia siku zisipofika ndiyo apige simu. Kila mwezi diski ya tatu inapanda basi kwenda tawi la Kasulu, imefungwa kwa nywila, maana bakapu inayokaa chumba kimoja na seva ikiungua seva imeungua na yenyewe. Mwaka 2011 mwezi wa pili kuna akaunti za Gmail zilikutwa tupu kwa sababu ya hitilafu ya programu, na Google walizirudisha kutoka kwenye kanda, zile zile zilizokaa pembeni hazijaunganishwa na kitu, hitilafu haikuweza kuzifikia. Sisi hatuna kanda, tuna basi la Kasulu.

Ah na msifanye nilichofanya wiki ya pili. Nilifuta volyumu mbili za majaribio kwa rm, amri ya Linux ya kufuta faili, moja kwa moja kwenye diski nikijua nimesafisha, kumbe kwenye daftari bado zipo hai, usiku mashine ikaenda kuitafuta moja ikaikosa ikaanza kulalamika tena. Anzia kwenye konsoli ifute kwenye daftari kwanza, halafu ndiyo ufute faili. Na meneja akiuliza mbona diski haipungui wakati unasema ya zamani imepita muda, mwambie kupita muda ni ruhusa ya kufutwa kwenye daftari tu, faili lenyewe linakaa pale pale na ukubwa wake ule ule mpaka siku linapoandikwa juu, na hiyo ni baraka, kwa sababu kabla halijaandikwa juu bado unaweza kutumia bscan ukasoma volyumu na kurudisha kumbukumbu zake kwenye daftari. Dagaa wamekauka lakini wapo kwenye kichanja.

Jumapili iliyopita ilikuwa ya kumi. Nilikaa macho. Mke wangu ameshalala, mimi nimekaa sebuleni na laptop, nje vyura tu, naangalia konsoli kama watu wanavyoangalia penati. Saa tano na dakika tano kazi ikaanza. Ikatafuta Append, hakuna. Ikasimama kidogo, sekunde kama nne hivi ambazo mimi nilizihesabu. Halafu ule mstari ukatokea: volyumu namba moja ya zile nzima imerudishwa kazini, data zote za nyuma zimepotea. Inaandika hivyo kabisa, data zote za nyuma zimepotea, na mimi nilipiga makofi mawili sebuleni gizani kama mjinga. Ilimaliza saa saba kasoro usiku. Nikarudisha faili moja la juzi kwa ajili ya kujaribu tu, likafunguka, nikalala.

Asubuhi nikaingia kwa mama mhasibu nikamwamkia vizuri safari hii, nikamwambia mama, jana usiku bakapu imejizungusha yenyewe kwa mara ya kwanza. Akasema sawa mwanangu, hongera, na printa je? Printa bado.